Mkaza Mwana Aliyefundisha Viazi Vitamu

Watiri wa Kihara alizaliwa na dharau kama wengine wanavyozaliwa na vidole sita. Aliwadharau watu wa Wang'uru kwa sababu wanakula mchele kila siku, akawadharau watu wa Nanyuki kwa sababu, kwa maneno yake, ni watu waliokusanywa na hawana kwao. Sisi majirani zake wa Mukurwe-ini alitudharau kwa sababu viazi vyetu vitamu vilikuwa vyembamba. Hapo hakukosea. Viazi vitamu vyake, ambavyo sisi tunaviita ngwaci, vilikuwa vinene kama mkono wa mwanamume, na siku za soko kule Karatina kulikuwa na wateja waliopita vibanda vyote wakimtafuta yeye.

Mimi naitwa Mama Mburu. Shamba langu limepakana na lake, na nimemjua kwa miaka thelathini na minne. Nasema hivyo mapema usije ukadhani namsengenya. Haya yote anayajua, na kuna mahali ambapo mimi mwenyewe sitatoka vizuri.

Mumewe, Kihara, aliendesha lori la ushirika wa kahawa mpaka alipostaafu. Ni mtu mkimya. Mwaka juzi mwezi wa Agosti alianza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, akaamka mara nne au tano kila usiku, na maandishi ya Biblia yakaanza kumcheza machoni. Akapimwa. Sukari kumi na nne, na presha iko juu. Alipewa vidonge, akaambiwa aangalie chakula. Watiri alimjibu mhudumu wa zahanati kwamba katika nyumba yake hakuliwi takataka za mjini. Kunaliwa ngwaci, chakula cha babu zetu, na babu zetu hawakujua sukari ni ugonjwa gani.

Ngwaci zililiwa kweli, hilo sikatai. Ila babu zetu walikula moja wakaenda kulima mpaka jua lizame. Kihara alikuwa akiletewa tatu zilizochomwa kwenye makaa mpaka zinatoa asali, pamoja na kikombe kikubwa cha chai chenye vijiko vinne vya sukari, halafu anaketi kwenye kiti chake kusikiliza redio mpaka saa ya kula tena.

Mtoto wao Ben huendesha watalii kule Nanyuki. Mke wake, Lynn, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya huko, na Septemba hiyo hoteli ilifungwa miezi mitatu ili ikarabatiwe. Ben akamwomba mkewe aje nyumbani amsaidie mzee. Akaja, msichana mwembamba wa suruali, mpole. Kikuyu chake kilikuwa kibovu kwa sababu mtu aliyekulia Nanyuki huongea Kiswahili na kila mtu, hata na mama yake.

"Ben ameniletea mtu wa kupika keki," Watiri aliniambia juu ya ua, bila kupunguza sauti. Lynn alikuwa hatua kumi kutoka pale, akianika nguo.

Wiki ya kwanza Lynn alitazama tu. Ya pili akaomba, kwa adabu, kama anaweza kumpikia Baba kiamsha kinywa. Akachukua ngwaci moja tu, ya ukubwa wa ngumi, akaiosha, akaichemsha na maganda yake. Akaiweka sahani moja na maharagwe na terere, yaani mchicha. Chai haikuwa na sukari. Saa nne akampa Kihara njugu chache alizopewa na mwajiri wake siku hoteli ilipofungwa, njugu ndefu za kahawia zenye mikunjo. Zinaitwa pekani. Wageni wanazipenda kwenye keki na zinatoka ng'ambo.

Watiri alichukua moja akaigeuza mwangani. "Hii inafanana na ubongo wa panya," akasema. Kisha akanionyesha kwa kidevu miti yake miwili ya makadamia. "Niko na njugu hapa mpaka nguruwe wamechoka nazo, na huyu ananiletea njugu ya Amerika kwa pakiti."

Lynn akamwambia kwamba makadamia ni nzuri vilevile, na kwamba alileta pekani kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Watiri alikuwa ameshampa mgongo.

Kuna siku msichana huyo alikwenda Kerugoya kumwona shangazi yake, akarudi na marando ya ngwaci za aina nyingine, zile zenye nyama ya rangi ya machungwa. Alieleza kwamba rangi ile ina vitamini ya macho, na kwamba macho ya mtu wa sukari yanahitaji kutunzwa. Watiri alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hiyo si ngwaci, hiyo ni karoti iliyokosa adabu, akayabeba marando yale akawatupia mbuzi. Alinisimulia mwenyewe, akijipongeza.

Lakini Kihara alikuwa anakula alichopewa na Lynn. Kufikia Novemba sukari ilikuwa nane na presha imeshuka, na alikuwa akitembea mpaka kanisani na kurudi bila kupumzika njiani. Aliniambia kimya kimya pale kwenye ua, akitabasamu kama mtu aliyeficha kitu mfukoni. Kwa mke wake hakusema chochote. Watiri alitangaza kwamba hatimaye vidonge vimeanza kufanya kazi.

Mwezi huohuo Karwitha, mwanamke wa upande wa Meru aliyeolewa kwetu, alisimama katika mkutano wa akina mama wa kanisa akaomba tumwite mke wa Ben atufundishe. Mume wake pia alikuwa na sukari, na alikuwa amemwona Kihara akipanda ule mlima wa kanisa. Watiri ndiye mwenyekiti wetu. Hangeweza kukataa mbele ya watu, basi akakubali, akiwa na ile sura ya mtu aliyeombwa kushika mtoto aliyejinyea.

Jumamosi ile tulikuwa kama thelathini. Lynn alisimama na karatasi mkononi, akaanza kwa Kikuyu, kikamkwama, akahamia Kiswahili. Alisema kiazi kitamu ni chakula kizuri. Kina nyuzinyuzi, hasa kikiliwa na ganda lake, na nyuzinyuzi huichelewesha sukari isiingie mwilini kwa kishindo. Kina madini yanayosaidia presha. Lakini kikichomwa, wanga wake unageuka kuwa sukari ya haraka, kwa hivyo mtu wa sukari achemshiwe, tena kimoja cha ukubwa wa ngumi, asipewe rundo. Akasema kiliwe na kitu chenye mafuta mazuri, njugu kwa mfano, kwa kuwa mafuta nayo hupunguza ile kasi. Pekani, makadamia, karanga zisizo na chumvi, yoyote. Kiganja kimoja kinatosha, kwa sababu njugu zimejaa mafuta na ukizila kama mahindi utanenepa. Akaongeza kwamba hakuna kati ya hivi kinachochukua nafasi ya dawa.

Nimeyakumbuka yote, kama unavyoona. Niliyasikia vizuri kabisa.

Watiri akasimama. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa afadhali. Alikuwa akitabasamu.

"Mungu ni mkubwa," akasema. "Nimelima ngwaci miaka arobaini. Nimezaa nikiwa na jembe mkononi. Leo ameletwa mtu kutoka Nanyuki, mtu hajui ngwaci inapandwa kichwa juu ama kichwa chini, ananifundisha ngwaci ni nini. Kesho atatufundisha kunyonyesha, na bado hajazaa."

Ukumbi wote ulilipuka. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka kitambaa kikaniteleza kichwani. Miaka miwili walikuwa wameoana na mtoto hakuwa amekuja, kila mmoja pale alijua, na bado tulicheka. Karwitha peke yake hakucheka. Lynn alingoja tunyamaze, akaikunja karatasi yake mara nne, akatushukuru kwa kumsikiliza, akaketi.

Jumatatu asubuhi alirudi Nanyuki. Kihara alimbebea begi mpaka stendi, na alirudi na mkebe wa pekani zilizobaki na ile karatasi, ambavyo Lynn alimwachia. Watiri aliitia karatasi motoni. Pekani akawamwagia kuku.

Ngwaci za makaa zikarudi, na chai ya vijiko vinne. Kihara akazila. Mtu aliyepitisha lori kwenye tope la huku mvua ya masika ikinyesha, gari limejaa kahawa na upande mmoja ni korongo, alishindwa kusema neno moja juu ya sahani yake mwenyewe. Nami simwonei huruma ya bure, kwa sababu alifurahi pia. Utamu ulikuwa umemrudia. Na kwa kuwa alijisikia mzima, vidonge navyo akaanza kuviruka, leo ndiyo, kesho hapana.

Februari kiatu cha kanisani kilimchubua kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Watiri akapaka mafuta ya mgando. Baada ya wiki mbili kidole kilikuwa cheusi, na harufu yake ilinifikia mimi nilipoenda kuomba chumvi. Ni mimi niliyempigia Ben simu. Tulimpeleka mzee hospitali Nyeri siku hiyohiyo. Sukari ilikuwa ishirini na tatu. Kidole kikakatwa, na kwa siku sita madaktari hawakutuahidi kama mguu utabaki.

Siku ya saba, mguu ukiwa umesalimika, alikuja kijana wa lishe anayeitwa Nderitu, mpole, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Alimwuliza Watiri mzee anakula nini nyumbani. Akajibu kwa kujivuna, hata pale, kwamba anakula ngwaci, za shamba lake mwenyewe. Kijana akauliza zinapikwaje. Zinachomwa. Ngapi? Tatu. Kubwa? Watiri akamwonyesha kwa mkono wake, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.

Nderitu hakumcheka. Alivuta kiti akaanza kueleza. Kiazi kitamu ni chakula kizuri, Mama, alisema, ila kichemshe na maganda yake, kimoja, kama ngumi yako. Kiliwe na maharagwe na mboga. Akaendelea hivyo, nyuzinyuzi, presha, wanga unaogeuka makaani, na kila neno lilikuwa la Lynn, kama kwamba wawili hao walikaa darasa moja. Nilimtazama Watiri. Alikuwa ameyakodolea macho mapaja yake.

"Na njugu?" akauliza.

Kijana akasema njugu ni nzuri sana, kiganja kimoja kwa siku, zisiwe na chumvi.

"Kuna moja inaitwa pekani."

Nderitu alishangaa kidogo. Akasema amesoma habari zake, ingawa hajawahi kuionja, na kwamba ni njugu nzuri, ina mafuta ya kusaidia moyo. Lakini huku kwetu, akasema, makadamia zinaanguka chini ya mti, ya nini kuhangaika. Watiri akaitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba zake huliwa na nguruwe.

Tulipotoka tuliketi kwenye benchi karibu na dirisha la dawa. Watiri alikunja na kukunjua leso yake.

"Alisema hayo hayo," akasema.

"Alisema."

"Na wewe ulikuwa hapo. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nacheka," nikamjibu.

Akanitazama kwa dharau yake yote, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nilistahili.

Kihara alirudi nyumbani mwanzoni mwa Machi. Wiki iliyofuata Watiri alijaza gunia dogo la ngwaci na mfuko wa makadamia, akaniambia tunaenda Nanyuki. Hakuniuliza kama nina nafasi. Hakuwahi kufika kwa mwanawe tangu aoe. Alikuwa akisema hawezi kulala katika mji ambao hata mbwa ni wageni.

Lynn alitupokea vizuri. Alitupa maji ya kunawa, akatupikia chai, akamwita Mama kwa kila sentensi. Hakukosa heshima hata ya ukubwa wa punje. Ilikuwa ile heshima unayompa karani wa ofisi ili umalize shida yako uende zako. Alituuliza hali ya Baba, ingawa alikuwa anajua zaidi yetu, kwa sababu alikuwa akimpigia Kihara simu kila Jumapili.

Watiri alisema amemletea ngwaci. Lynn akashukuru. Watiri akasema zimetoka shamba la chini, lenye udongo mwekundu. Lynn akashukuru tena. Nikaona mwanamke aliyewanyamazisha madalali wa Karatina akitafuta maneno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Ile karatasi," akasema mwishowe. "Nilitaka uniandikie tena. Ya kwanza ilipotea."

"Haikupotea, Mama. Baba aliniambia."

Watiri akazungusha kikombe chake mezani.

"Nitaandika," Lynn akasema. "Nitaandika kwa sababu ya Baba. Lakini nitasema kitu moja, na sitarudia. Wewe haukukataa ati kwa sababu haukuelewa. Ulielewa siku ya kwanza. Ulikataa kwa sababu ni mimi nimesema."

Nilingoja Watiri alipuke. Miaka thelathini na minne sijawahi kumwona akiambiwa neno kama hilo akalimeza. Alisema tu, "Ni kweli." Akainywa chai yake yote, haikuwa na sukari, akakirudisha kikombe mezani taratibu.

Lynn aliandika kurasa mbili pale mezani, kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho ya mzee. Ukurasa wa pili ulikuwa wa vidonge, saa za kuvimeza, na jinsi ya kuchunguza miguu kila jioni. Watiri alimwomba aje siku moja awasemee tena akina mama. Akakataa, bila hasira. Akasema anayetaka wasikie awaambie mwenyewe.

Basi Aprili Watiri alisimama katika ukumbi uleule. Kama ulitarajia machozi, humjui. Alishika zile karatasi kama hakimu anayesoma hukumu.

"Kidole cha mume wangu kimezikwa Nyeri," akaanza. "Mke wa Ben alisimama hapa akatufundisha, nikamcheka, na nilimtusi kwa kitu ambacho hakuna mwanamke anafaa kutusiwa nacho. Hiyo ni yangu, na nitaibeba. Lakini nyinyi mlicheka kwa sababu mimi nimecheka. Hata hamkuwa na sababu yenu wenyewe. Huo ni ujinga umepita wangu."

Hakuna aliyecheka. Akasoma karatasi zote mbili kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kila alipomaliza jambo alituangalia kama anahesabu wapumbavu. Karwitha akauliza kama mtu wa presha peke yake, asiye na sukari, anaweza kula ngwaci mbili. Watiri akajibu sawasawa. Halafu akamwambia Karwitha kwamba yeye ndiye mtu peke yake mwenye kichwa katika ukumbi huo, akaketi. Hivyo ndivyo alivyoomba msamaha. Wengine walikasirika wakasema anatutukana tena. Mimi nilienda nyumbani nikaokota makadamia.

Kihara sasa anatembea kwa fimbo. Sukari yake huwa saba, mara nyingine saba na nusu. Kuna asubuhi anaomba ngwaci ya makaa kwa macho, kama mtoto, na Watiri anajifanya hajaona. Vidonge humhesabia mkononi na kungoja mpaka avimeze.

Mwaka huu mwezi wa Julai Lynn alijifungua msichana. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na Watiri alikaa siku tatu akiwa na simu kifuani, hataki kuniambia anaogopa nini. Aliyeitwa Nanyuki kumwosha mzazi alikuwa mama ya Lynn, si yeye. Siku ya nne Lynn alipiga mwenyewe. Nilikuwa pale, na simu ya Watiri inasikika mpaka kwa jirani.

"Anaitwa Watiri," Lynn akasema. "Jina ni haki ya Ben, Mama. Si mimi nimekupatia."

"Nimesikia," Watiri akajibu. "Asante."

Tulienda kumwona mtoto Jumamosi. Watiri alimpakata muda mrefu, hakumshauri Lynn jinsi ya kumfunga nguo wala jinsi ya kumnyonyesha, na Lynn hakumwomba shauri. Walizungumza kuhusu uji. Alipomrudisha mtoto, Lynn alimpokea kwa mikono miwili na kutusindikiza mpaka mlangoni, si zaidi ya hapo.

Njiani kurudi nilimwuliza Watiri mtoto anafanana na nani.

"Na mamake," akasema.

Nilisikiliza vizuri kama kuna dharau ndani yake. Sikuisikia.